Je, Wajua? Elementi Isiyongoja Basi la Kamembe

Basi linaloondoka Kigali saa kumi na mbili asubuhi likapita Muhanga, Nyanza, Huye na Nyamagabe, likakata msitu wa Nyungwe na kuteremka upande wa Ziwa Kivu, hukaribia Kamembe mnamo saa sita mchana, barabara ikiwa na heri. Tuseme kondakta amekabidhiwa kichupa kilichofungwa ndani ya kikasha cha madini ya risasi, akaambiwa akifikishe hospitali ya Gihundwe. Kichupa kimezibwa vizuri. Hakivuji. Hakuna aliyekifungua njiani, si Huye wala Kitabi. Hata hivyo kikishushwa Kamembe, nusu ya kilichokuwamo asubuhi haipo tena.

Huu ni mfano wa hesabu tu, na tafadhali usimpe kondakta yeyote mzigo wa namna hiyo. Lakini kitu chenyewe kipo kweli. Kinaitwa tekineti-99m, dawa ya vipimo ambayo hospitali za dunia huitumia mara milioni 30 hadi 40 kila mwaka. Nusumaisha yake ni saa 6, yaani kila zipitapo saa 6 nusu ya atomu zake huwa zimekwisha kugeuka. Ikilala Kamembe hadi alfajiri ya siku ya pili, inabaki sehemu moja kati ya 16. Baada ya siku nne inabaki sehemu moja kati ya 65,000 na ushei.

Watu wa Rusizi, wilaya yenye Kamembe, ambao ukiwauliza Kigali ni mbali kiasi gani watakujibu kwa saa kabla ya kilomita, hawatapata taabu kuielewa elementi hii. Mambo yake yote ni ya saa: kukosekana kwake ardhini, kupatikana kwake ndani ya jiwe la Kongo, faida yake hospitalini, na ugumu wa kuifikisha mahali kama hapa.

Nafasi namba 43

Je, wajua kwamba wanakemia waliitafuta elementi hii kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuipata? Mrusi Dmitri Mendeleev alipopanga jedwali lake la elementi aliacha nafasi tupu chini ya manganisi, na mwaka 1871 akatabiri kwamba siku moja itapata mwenyewe. Mwingereza Henry Moseley akaipa nafasi hiyo namba kamili, 43, kwa kazi aliyoifanya kwa eksirei kuanzia mwaka 1913. Miaka miwili baadaye Moseley aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

Kila aliyetaka sifa alijaribu kuijaza. Mwaka 1908 Mjapani Masataka Ogawa alitangaza nipponiumu. Alichokuwa nacho, inavyoelekea, kilikuwa elementi nyingine, reni, ambayo wakati huo nayo haikuwa imejulikana. Akakosa sifa zote mbili, masikini.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Wajerumani watatu, Walter Noddack, Ida Tacke na Otto Berg, mwaka 1925. Walichukua madini ya kolumbiti, wakayapiga kwa mkondo wa elektroni na kuchunguza eksirei zilizotoka. Walitangaza elementi mbili. Ya kwanza, reni, ilithibitika. Ya pili, namba 43, waliiita masuriamu, na hakuna maabara nyingine iliyofaulu kuiona. Sasa kolumbiti ni nini? Ni nusu ya kile ambacho Rwanda na Kivu nzima hukiita koltani. Nusu ya pili ni tantaliti. Kwa hiyo elementi iliyokuwa ikitafutwa ilisakwa ndani ya ndugu wa mawe yanayobebwa kwa magunia katika vilima vya pande hizi mbili za ziwa. Haikuwamo, au kama ilikuwamo ilikuwa kidogo mno kwa vyombo vya siku zile.

Bahasha kutoka California

Je, wajua kwamba elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu ilisafiri kwa posta, na aliyeituma hakujua kwamba ameituma?

Emilio Segrè, mwanafizikia wa Kiitalia aliyefundwa na Enrico Fermi mjini Roma, alipewa uprofesa Palermo, kisiwani Sicilia, mwaka 1936. Palermo haikuwa na mashine za maana. Majira ya kiangazi mwaka huohuo alizuru Berkeley, California, alikokuwa Ernest Lawrence na saiklotroni yake, mashine inayozungusha chembe za atomu hadi zipate kasi kubwa kisha kuzigongesha mahali. Segrè aliona vipande vya metali vilivyochakaa vikiwekwa pembeni, akaomba apelekewe. Mwanzoni mwa 1937 bahasha ilifika. Ndani yake mlikuwa na kipande cha molibdeni kilichokuwa sehemu ya saiklotroni na kupigwa na chembe kwa miezi mingi.

Molibdeni ni namba 42. Ukiiongezea protoni moja unapata 43. Segrè alilijua hilo, na kwa kuwa yeye si mwanakemia alimwomba mwenzake Carlo Perrier, profesa wa madini, amsaidie kuchambua. Waliyeyusha, wakatenganisha, wakaondoa kila elementi inayojulikana ambayo ingeweza kutoa unururifu ule. Kilichobaki hakikuwa chochote kilichopata kuelezwa. Walikuwa wakifanya kazi na takribani sehemu moja ya kumi ya nanogramu, na nanogramu ni gramu moja ikigawanywa mara bilioni moja. Hakuna mizani iliyoweza kuipima. Waliifuata kwa mionzi yake tu.

Chuo kikuu cha Palermo kilitamani iitwe kwa jina la kale la mji huo. Wagunduzi hawakukubali, na mwaka 1947 waliiita tekineti kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichotengenezwa.

Kufikia hapo Segrè alikuwa mtu wa nchi nyingine. Mwaka 1938, akiwa Berkeley kwa kazi ya muda, serikali ya Mussolini nchini Italia ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, naye alikuwa Myahudi. Kazi ya Palermo ikapotea. Lawrence alikuwa amempa mshahara wa dola 300 kwa mwezi. Alipotambua kwamba mgeni wake hana pengine pa kwenda, aliupunguza hadi dola 116. Mwaka huohuo wa mshahara wa dola 116, Segrè na kijana Glenn Seaborg waligundua tekineti-99m, ile ya kichupa chetu. Segrè alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1959, kwa ugunduzi mwingine kabisa.

Dunia nzima isingetosha

Je, wajua kwamba hata kama Dunia ingeumbwa kwa tekineti tupu, kuanzia udongo hadi kiini chake, leo isingebaki hata atomu moja? Isotopu za tekineti, yaani aina zake zenye uzito tofauti, zinazodumu kuliko zote zina nusumaisha ya takribani miaka milioni 4.2. Kwetu sisi hiyo ni milele. Kwa sayari yenye miaka bilioni 4.5 ni muda mfupi, kwa sababu nusumaisha zaidi ya 1,000 zimekwisha kupita. Ukikaa na kalamu ukagawa idadi ya atomu za Dunia kwa mbili, kisha kwa mbili tena, utafika chini ya atomu moja baada ya mara 165 hivi. Maana yake ni kwamba sayari hiyo ya tekineti ingekwisha katika miaka milioni 700 ya mwanzo.

Jambo la ajabu ni kwamba elementi nzito kuliko hiyo, kama fedha, dhahabu na risasi, zimetulia bila shida. Miongoni mwa elementi zote nyepesi kuliko bismuthi, ni mbili tu zisizo na isotopu yoyote tulivu: tekineti na promethi, namba 61. Sababu iko kwa majirani. Kila uzito ambao tekineti ingeweza kuwa nao ikatulia, kuanzia 94 hadi 102, tayari unamilikiwa na isotopu tulivu ya molibdeni upande mmoja au rutheni upande wa pili, na mara nyingine zote mbili. Atomu ya tekineti yenye uzito huohuo hupata nafuu ya nishati ikigeuka kuwa jirani yake. Kwa hiyo hugeuka.

Jiwe la Kongo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo kikuu cha Arkansas huko Marekani, Mjapani Paul Kuroda na mwenzake B. T. Kenna walichukua kilo 5 na ushei za pichblendi, jiwe zito jeusi la urani. Jiwe hilo lilitoka Kongo ya Wabelgiji. Walilichambua kwa njia ndefu za kemia na mwishoni wakapata tekineti-99, kiasi cha nanogramu moja. Ndiyo mara ya kwanza elementi namba 43 kupatikana katika ardhi ya Dunia hii.

Lakini si tumesema imekwisha yote? Ile ya kale ndiyo iliyokwisha. Hii ni mpya. Atomu za urani mara chache hupasuka zenyewe, bila kuguswa na mtu wala mashine, na vipande vingine vya mpasuko huo huishia kuwa tekineti-99, yenye nusumaisha ya miaka 211,000. Inayozaliwa inafidia inayokufa. Ndani ya kila kilo ya jiwe zuri la urani hubaki akiba ya sehemu moja ya tano ya nanogramu, haizidi wala haipungui kwa vizazi vingi vya binadamu.

Mgodi ulioipa Kongo ya Wabelgiji sifa ya urani ni Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, kusini mwa Rusizi umbali wa karibu kilomita elfu moja. Mwingereza Robert Sharp aliutambua mwaka 1915. Mawe yake yalikuwa na utajiri usio wa kawaida: baadhi ya mafungu yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingi duniani hufurahia asilimia moja. Mwanzoni Wabelgiji waliyataka kwa ajili ya elementi ya radi (radium), na urani ikaonekana takataka. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha takribani tani 1,200 za mawe hayo hadi ghala moja la Staten Island, New York, na kwa muda hakuna aliyemuuliza. Waliokuja kumuuliza mwaka 1942 walikuwa wanajeshi wa mradi wa Manhattan, ule wa bomu la atomu la Marekani, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ikawa ya Kongo.

Tekineti haikuwa peke yake ndani ya mawe yale. Plutoni ilitengenezwa maabara kwanza, mwishoni mwa 1940 na mwanzoni mwa 1941. Miaka kumi baadaye, mwaka 1951, wanakemia wa Marekani waliitoa plutoni ya asili kutoka pichblendi ya Kongo ya Wabelgiji, na mwaka uliofuata wakapata neptuni. Elementi tatu ambazo vitabu vya shule huziita za kutengenezwa, zote zilikuwa chini ya ardhi ya Katanga zikizaliwa na kufa polepole kabla ya binadamu kuwapo.

Shinkolobwe ulifungwa rasmi, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia kutafuta kobalti. Mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wanane.

Kuroda mwenyewe alikuwa na jicho la mbali. Mwaka 1956 alipiga hesabu akasema kwamba zamani za kale urani ya ardhini ingeweza kujigeuza kinu cha nyuklia bila msaada wa mtu, mradi kuwe na maji. Wengi hawakumjali. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba jambo hilo lilitokea kweli huko Oklo, Gabon, karibu miaka bilioni mbili iliyopita. Vinu vile vilitengeneza tekineti nyingi. Yote ilikwisha, ikaacha rutheni-99 iliyozidi kipimo cha kawaida, na ndiyo ushahidi kwamba ilikuwapo.

Angani pia

Mwaka 1952 Paul Merrill, mtaalamu wa nyota wa Mount Wilson, California, aliona alama ya tekineti katika mwanga wa nyota kubwa nyekundu. Nyota hizo zina umri wa mabilioni ya miaka, na tekineti haidumu kiasi hicho. Basi ilikuwa imetengenezwa humohumo, hivi karibuni. Ukawa uthibitisho wa kwanza wa wazi kwamba nyota huzalisha elementi. Kabla ya hapo ilikuwa ni dhana ya wanahesabu.

Ng'ombe wa maabara

Tukirudi kwenye kichupa: kama nusu inapotea kila baada ya saa 6, hospitali ya Nairobi au Dar es Salaam inaipataje kutoka kiwanda kilicho nchi nyingine? Haipelekewi tekineti. Inapelekewa mama yake.

Molibdeni-99 ina nusumaisha ya saa 66, na inapogeuka huzaa tekineti-99m. Molibdeni hiyo hunaswa kwenye unga wa alumina ndani ya bomba dogo, bomba likazungukwa na risasi nzito, na chombo kizima kikaitwa jenereta. Kila asubuhi fundi hupitisha maji safi ya chumvi ndani ya bomba. Molibdeni hubaki imeshika alumina. Tekineti iliyozaliwa usiku huchukuliwa na maji. Siku ya pili hurudia. Wenye kazi hiyo duniani kote husema wanakamua, na jenereta wanaiita ng'ombe. Katika nchi ya inyambo sina haja ya kueleza kwa nini ng'ombe mwenyewe ndiye husafirishwa, si maziwa.

Hesabu inaonyesha tofauti. Jenereta ikipakiwa kwenye basi la Kamembe, baada ya saa 6 bado ina asilimia 94 ya molibdeni yake. Tekineti iliyokamuliwa Kigali ingebaki na 50. Kwa ndege ya kwenda Kamembe, hata safari ikichukua saa nzima, ingepoteza asilimia 11 tu, lakini kupata nafasi katika ndege kwa mzigo kama huo ni habari nyingine.

Jenereta hii ilibuniwa na Walter Tucker na Margaret Greene katika maabara ya Brookhaven, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa wakitafuta iodini safi. Tekineti ilijitokeza kama uchafu, wakataka kujua inatoka wapi. Mwenzao Powell Richards ndiye aliyeipigia debe kwa matumizi ya hospitali. Maabara ilipofikiria kuomba hataza, ofisi husika ilijibu kwamba haioni soko la kitu hicho zaidi ya majaribio ya maabara. Hataza haikuombwa. Leo karibu vipimo vinne kati ya vitano vya tiba ya nyuklia duniani hutumia tekineti-99m, na waliobuni jenereta hawakupata senti ya mrabaha.

Mgonjwa na nanogramu zake

Je, wajua kwamba kipimo kimoja cha mifupa hutumia tekineti nyingi kuliko ile iliyotoka katika kilo 5 za jiwe la Kongo? Kiasi cha kawaida cha kipimo hicho ni bekereli milioni 740, yaani atomu milioni 740 zikigeuka kila sekunde. Ukibadilisha kuwa uzito unapata nanogramu 4 hivi za tekineti-99m. Kwa uzito, mtu mmoja kitandani hupewa mara nne ya alichokipata Kuroda na mara arobaini ya alichokuwa nacho Segrè.

Tekineti yenyewe haijui pa kwenda mwilini. Huunganishwa na kemikali inayoijua njia: moja huifikisha kwenye mifupa, ambako saratani ya titi au ya tezi dume hupenda kuhamia, nyingine kwenye misuli ya moyo, nyingine kwenye figo. Hutoa mionzi ya gama yenye nishati ya elektronivolti 140,000, inayotosha kutoka mwilini na kunaswa na kamera ya gama. Picha ya eksirei huonyesha umbo la kiungo. Hii huonyesha kazi yake, kama damu inafika au haifiki.

Kwa tezi ya shingo haihitaji hata msaada. Tekineti ikiwa katika maji ya chumvi, tezi hudhani ni iodini na kuivuta. Jambo hili lina historia karibu na Rusizi, ingawa wakati huo iliyotumika ilikuwa iodini nururifu. Katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, madaktari wa Kibelgiji François Delange na A. M. Ermans walichunguza rovu katika miaka ya 1960, wakipima ni kiasi gani cha iodini tezi za watu zinavuta. Walikuta fumbo. Upungufu wa iodini ulikuwa uleule kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na likawa nadra kusini magharibi. Makala yao ya mwaka 1971 ilielekeza kidole kwenye chakula, hasa muhogo, ambao una kemikali zinazoizuia tezi kuvuta iodini. Ugunduzi huo wa Idjwi umo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, na watu wengi wanaokitazama kisiwa hicho kila siku kutoka ufuko wa Rwanda hawajapata kuambiwa.

Na baada ya kipimo? Tekineti-99m iliyobaki mwilini hugeuka kuwa tekineti-99, ile ya miaka 211,000. Inatisha kusikia. Lakini kinachodumu sana hutoa mionzi polepole sana. Atomu zilezile zilizotoa bekereli milioni 740 asubuhi, zikigeuka zote, hutoa bekereli 2 na nusu hivi. Ndizi moja, kwa sababu ya potasiamu yake, hutoa takribani 15. Mwili wa mtu mzima, kabla hajapimwa chochote, una bekereli kama 4,000. Na sehemu kubwa ya tekineti hutoka kwa mkojo.

Nani anaikamua huku kwetu?

Katika Afrika Mashariki, vipimo vya tekineti vimefanywa kwa miaka mingi katika taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, Mulago jijini Kampala, na Hospitali ya Kenyatta na Aga Khan jijini Nairobi. Gihundwe na Mibilizi ni hospitali za wilaya, na kipimo hiki hudai kamera ghali, mtaalamu wa mionzi na jenereta mpya karibu kila wiki.

Molibdeni yenyewe hutoka katika vinu vichache mno. Kimoja kiko Pelindaba, karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Kinaitwa SAFARI-1, kilianza kazi mwaka 1965, na mwaka 2010 kikawa cha kwanza duniani kuuza kwa wingi molibdeni-99 iliyotengenezwa kwa urani isiyofaa kwa bomu. Udogo wa idadi ya vinu ulionekana mwaka 2009, kinu kikuukuu cha Chalk River, Kanada, kilipovuja na kufungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kile cha Petten, Uholanzi, nacho kikasimama kwa matengenezo. Hospitali za nchi tajiri ziliahirisha vipimo. Bidhaa nyingine ungeweka akiba ghalani, hii haiwekeki.

Ajabu ni kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika hakikuwa Afrika Kusini. Kilikuwa Kinshasa, katika chuo kikuu cha Lovanium, kikawashwa mwaka 1959 kwa juhudi za padri na mwanafizikia Luc Gillon, rekta wa chuo hicho, aliyeona kwamba nchi iliyotoa urani yake inastahili walau mashine moja. Kilifuatwa na kikubwa zaidi mwaka 1972, ambacho kimenyamaza tangu 2004.

Rwanda ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 2012, na Oktoba 2019, mjini Sochi, ikatia saini na Rosatom ya Urusi makubaliano ya kujenga kituo cha sayansi ya nyuklia chenye kinu cha utafiti. Kinu cha namna hiyo kinaweza kutengeneza isotopu za hospitali. Binafsi ningependa wapangaji watembee na ramani ya barabara pamoja na ramani ya umeme, maana kamera iliyo saa 6 kutoka kwenye jenereta inahitaji jenereta yake.

Vijisifa vingine

Tekineti ni metali ya rangi ya fedha iliyofifia, huyeyuka kwenye nyuzi 2,157 za Selsiasi, na ni nzito kupita risasi kidogo. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 265 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Chembe zake chache katika maji huzuia chuma kisipate kutu, lakini hakuna atakayeipaka kwenye bomba la nyumbani, kwa sababu ni nururifu.

Siku hizi si adimu tena. Kila gramu ya urani-235 inayopasuka kinuni huacha takribani miligramu 27 za tekineti-99, na tatizo limegeuka: iwekwe wapi? Katika miaka ya 1990 kiwanda cha Sellafield, Uingereza, kiliimwaga baharini, ikaonekana kwenye mwani na kamba wa Bahari ya Ireland, na Wanorwe wakapiga kelele hadi ikapunguzwa.

La mwisho ni kwa wasafiri. Viwanja vingi vya ndege na vituo vya mpakani duniani vina vifaa vya kunasa mionzi, na mtu aliyedungwa tekineti siku hiyo au jana yake anaweza kuvifanya vipige kelele. Hospitali nyingi humpa mgonjwa barua akiiomba. Anayetoka Rusizi kwenda kupimwa Kampala au Nairobi na kurudi kwa ndege siku hiyohiyo aiombe kabla ya kuvaa viatu. Barua hutaja jina la dawa, kiasi kilichodungwa na tarehe. Aombe iandikwe na saa pia, ili ofisa anayejua hesabu aweze kugawa kwa mbili mwenyewe na kuona kama mlio wa mashine yake unalingana na kilichobaki.